Okota Kuni Kwanza

Msambweni, Kwale
Msimu wa kusi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifika, na shikamoo uliyoitanguliza naiitikia: marahaba. Nimefurahi kwamba kanisa lenu la Voi limekuchagua uwaongoze vijana wanaokuja kuhubiri Ukunda na huku kwetu kwa wiki mbili. Chumba kipo, mikeka ipo. Umeniuliza mambo mawili: wapi mtafunga vipaza sauti, na kama ni sawa kumwacha nyumbani yule mwenzenu aliyewakimbia katikati ya safari ya mwaka jana. Nitakujibu, ila niache nianzie mbali.

Babu yako alishuka kutoka Taita kuja kukata miwa Ramisi. Alifika na sanduku moja na Biblia, hana amjuaye. Aliyempa kiwanja ajenge alikuwa Mdigo, Mwislamu wa swala tano, na mkewe ndiye aliyemfundisha mama yangu kushona makuti. Nyumba ya kwanza niliyolala mimi, nyumba ya Wakristo, iliezekwa kwa mikono ya Waislamu.

Ndiyo maana nikisoma safari za Paulo katika Matendo ya Mitume, sikimbilii hotuba yake ya Athene. Nasimama Malta, sura ya 28. Jahazi limevunjika, watu 276 wametoka majini wakitetemeka, na wenyeji wasiomjua Kristo wamewawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Mtume, naye ni mfungwa, anafanya nini? Anaokota kuni. Kabla hajamwombea baba wa mwenyeji wake Publio akapona, alikuwa ameota moto wa watu na kuuongezea kuni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Paulo hakungoja hata ya pili.

Tazama na Korintho. Alikaa mwaka mmoja na nusu, akaishi kwa Akila na Prisila akishona mahema pamoja nao. Mtu aliyeketi nawe kivulini kutwa nzima mkishona, mahema au makuti, anakujua ukiwa umechoka na ukiwa umekasirika. Hapo ndipo mahubiri yako yanapopimwa.

Na hapa pwani kwetu? Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo akamzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga. Hakuondoka. Alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi wa Mombasa. Kadhi, mwanangu! Mwenzake Rebmann alikuja mwaka 1846, akakaa miaka 29, akaondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, na waumini aliowaacha Rabai walikuwa wa kuhesabika.

Basi, jibu la kwanza: vipaza sauti viacheni Voi. Siionei haya Injili. Lakini pale Ukunda kuna makondakta, bodaboda na muziki wa madukani. Mkizidisha kelele mtasikika, ila hakuna atakayewasikiliza. Hapa jirani yangu ni mjane, na makuti ya paa lake yameoza. Njooni tumwezekee kabla ya vuli. Jifunzeni kuamkia kwa Kidigo. Mkikaribishwa chakula, naweni mikono, mkae mkekani, mle. Na mtu akiwauliza kwa nini mmetoka Voi kuja kumwezekea mjane wa Kiislamu, mjibuni bila kuficha. Jina la Yesu lisiwe siri, wala lisiwe bei ya paa.

Jibu la pili: njoo naye. Yohana Marko naye aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perga akarudi Yerusalemu. Safari iliyofuata Paulo akamkataa, akagombana na Barnaba hadi wakaachana, na Barnaba akamchukua Marko wakatweka kwenda Kipro. Lakini Paulo yuleyule, mzee na kifungoni, alimwandikia Timotheo amletee Marko, kwani anamfaa kwa kazi. Ilimchukua miaka kufika hapo. Wewe unaweza kuanza pale alipomalizia.

Neno la mwisho ni juu ya hizo wiki mbili. Safari ya pili ya Paulo ilianza na hamu ya kurudi kuwaangalia ndugu wa miji aliyokwisha kupita, ajue hali zao. Uliniandikia siku ya kuja na siku ya kuondoka. Hukuandika siku ya kurudi. Makuti hayadumu, mwanangu. Baada ya miaka michache paa la mama huyu litataka kuezekwa upya, naye atauliza wale vijana wa Voi wako wapi. Ningependa niwe na la kumwambia.

Piteni barabara ya Dongo Kundu, msihangaike na feri. Nipigie simu mkifika Ukunda, nibandike chai.

Ni mimi shangazi yako,
nikupendaye.