Mguu wa Kushoto

Sisi tunaoandika ni wazee na vijana wa kanisa moja dogo la Busawe, wilayani Serengeti, mkoani Mara. Tumeombwa tuandike juu ya imani, nasi tumechagua kuandika juu ya gari. Wapo watakaoshangaa. Lakini kwa kulishughulikia gari hilo tulilielewa jambo moja juu ya mwili wa Kristo, jambo ambalo tulikuwa tumelisikia likihubiriwa mara nyingi, na tungependa kuwashirikisha.

Gari lenyewe ni Toyota Mark II Grande, lile ambalo vijana wa mjini huliita GX 100. Ni gari la chini na la starehe, lililotengenezwa kwa ajili ya lami na safari ndefu: viti laini, injini ya silinda sita, gia za otomatiki. Tulipewa na kijana wa mama mmoja, mshirika wetu aliyelala katika Bwana. Mama huyo alitembelea wagonjwa kwa miguu miaka mingi, masika na kiangazi. Mwanawe anafanya kazi Dar es Salaam. Alipokuja msibani alimwona mchungaji wetu akipanda kilima kwa taabu, kwa maana mchungaji alivunjika mguu wa kushoto zamani na goti halikunjiki vizuri. Basi yule ndugu akatafuta gari la otomatiki kwa makusudi. Gari la namna hiyo lina pedeli mbili tu, ya mafuta na ya breki, na zote hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Mguu wa kushoto unapumzika.

Tulilipokea kwa nyimbo. Tukaliwekea spesa kwenye springi ili linyanyuke kidogo, maana barabara zetu zina mawe na makorongo. Mchungaji aliendesha mwenyewe. Alikwenda kuwaona wagonjwa, alipeleka akina mama wajawazito Mugumu, alifika hata kwenye nyumba ambazo kwa mguu wake asingezifikia.

Lakini gari lilikuwa limeshatumika miaka mingi Japani kabla ya kufika kwetu, na gia boksi yake ilichoka. Rivasi ilikufa kwanza. Kisha kwenye mlima injini ikawa inanguruma na gari haliendi. Fundi alipomwaga mafuta ya gia boksi yakatoka meusi, yananuka kuungua.

Fundi alitueleza kwa subira. Gia za otomatiki zilibuniwa ili kumpunguzia dereva kazi. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuziuza kwa wingi mwaka 1939. Ndani yake nguvu ya injini hupita kwenye mafuta yanayozungushwa, na kuna pampu inayoyasukuma mafuta hayo ili yabane sahani za gia. Sahani zikilika na mafuta yakiungua, hakuna pa kukaza. Tena pampu hiyo huzungushwa na injini. Ndiyo sababu gari la otomatiki betri ikifa haliwaki kwa kusukumwa, na si vizuri kulivuta mbali matairi ya nyuma yakiwa chini, kwa kuwa gia zitazunguka bila kulainishwa.

Kununua gia boksi nyingine ya otomatiki, iliyotumika, kuliwezekana. Lakini hakuna aliyeweza kutuambia itadumu muda gani, wala kwetu hakuna fundi wa kuifungua ikisumbua. Njia ya pili ilikuwa kuliuza gari kwa bei ya vyuma. Ya tatu ilikuwa kuliwekea gia za mkono, hizo ambazo kila fundi wa trekta na lori anazijua.

Kikao kilikuwa kigumu. Mzee mmoja alisema, "Zawadi ya mtu haigeuzwi. Ukipewa ng'ombe wa maziwa, humfungi plau." Mama mmoja akamjibu, "Sawa, mzee wangu. Lakini ng'ombe huyu amelala zizini mwezi wa tatu, na wagonjwa wanapandishwa kwenye bodaboda." Wengine walikuwa kimya, kwa maana wote tulijua neno ambalo halijasemwa. Gari la gia za mkono lina pedeli ya tatu, ya klachi, nayo hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Tukibadilisha, mchungaji hataendesha tena.

Alilisema yeye mwenyewe. "Ndugu zangu, gari likae juu ya mawe ili mguu wangu uheshimiwe? Badilisheni. Mimi nitakaa kiti cha kushoto."

Ilibaki kumweleza aliyetoa. Tulimpigia simu, mzee mmoja akazungumza, wengine tukasikiliza. Ndugu yule alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Shikamoo wazee wangu wote. Gari nililinunua kwa ajili ya mguu wa Baba Mchungaji. Sasa nani atampeleka?" Swali lilitushika. Vijana watatu waliokuwa nje ya mlango waliingia bila kuitwa: mmoja dereva wa trekta, mmoja amewahi kuendesha lori la mahindi, mmoja mwalimu. Wakasema watapokezana. Ndugu yule alipowasikia akasema, "Kama ninyi mtakuwa mguu wake, fanyeni."

Fedha tulipata kwa mnada wa mavuno baada ya ibada. Kuku, mahindi, ulezi, muhogo, mbuzi wawili. Kuku mmoja alinunuliwa na kurudishwa mara tano. Spea tulizipata Mwanza kutoka kwenye gari la aina hiyohiyo, kwa kuwa baadhi ya Mark II ziliuzwa Japani zikiwa na gia za mkono tangu mwanzo.

Sisi tulidhani kazi ni kutoa boksi moja na kuweka jingine. Siyo. Nyuma ya injini ilitolewa sahani nyembamba ya otomatiki, ikawekwa flaiwili nzito ya chuma. Juu yake ikafungwa sahani ya klachi na preshapleti. Mwishoni mwa kranki fundi aligonga kiberingi kidogo kama pete ya kidole; ncha ya shafti ya gia boksi hukaa humo, na kikikosekana shafti hutetema mpaka iharibu kila kitu. Chini ya dashibodi ziliingia pedeli mpya na silinda ya mafuta ya klachi. Sakafu ilikatwa ili mkono wa gia upite. Propela ilipimwa upya, kwa sababu boksi jipya halikuwa na urefu wa lile la kwanza. Mwisho fundi wa umeme alikaa siku nzima na nyaya, maana gari la otomatiki halikubali kuwaka mpaka lione gia iko kwenye P au N, na sasa P haikuwepo tena. Ilibidi lifundishwe kuwaka bila hiyo, na taa za rivasi nazo zipewe swichi yake.

Tukikaa karibu na fundi tulimkumbuka Bezaleli wa kitabu cha Kutoka, ambaye Mungu alimjaza Roho na ustadi wa kufanya kazi ya mikono. Siku ya tisa gari liliwaka.

Kisha ikaja kujifunza. Kijana wa trekta aliliweza. Mwalimu alikuwa amezoea otomatiki, na gari lilimzimikia mara nyingi mbele ya watoto wa Shule ya Jumapili, waliocheka sana. Mzee yule wa ng'ombe wa maziwa ndiye aliyemsaidia. Alimwambia, "Umewahi kumfunga nira ng'ombe mchanga pamoja na mkubwa? Ukimpiga fimbo aondoke kwa nguvu, ataruka na plau litatoka kwenye mfereji. Mwache aisikie nira kwanza, aanze kuegemea, ndipo uende." Mwalimu akaachia klachi polepole, akaisikia inavyoshika, gari likaondoka.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kimekuwa chepesi. Mchungaji alipenda kuendesha. Akiwa kiti cha kushoto bado mguu wake wa kulia hukanyaga breki isiyokuwepo. Wakati wa palizi madereva wako shambani, na mara nyingine safari husubiri mpaka jioni. Zamani alikwenda alipotaka. Sasa lazima amwombe mtu. Kuomba hivyo ni kazi kwa mtu aliyezoea kuombwa.

Lakini tazameni jambo hili. Zamani mchungaji aliingia peke yake kwenye nyumba ya mgonjwa. Sasa anaingia na kijana, kwa kuwa si adabu dereva kubaki garini wakati wenzake wanaomba. Kijana wa lori, ambaye alikuwa akiketi karibu na mlango wa kanisa ili atoke mapema, amekaa kando ya vitanda vya watu wanaokata roho. Amejifunza namna ya kunyamaza na mfiwa. Siku moja mchungaji alikuwa na homa, na bibi mmoja mgonjwa akatuma salamu kwamba anaomba kuombewa. Kijana yule alikwenda mwenyewe, akaomba kwa maneno yake machache. Bibi akasema ameombewa vizuri.

Paulo akiwaandikia Wakorintho juu ya mwili na viungo vyake anaanza na mguu. Anaeleza kwamba kiungo tunachokidhania kinyonge ndicho ambacho mwili hauwezi kukikosa. Tulipolisoma neno hilo zamani tulidhani maana yake ni kuwahurumia walio dhaifu. Sasa tunaona zaidi. Gari lilipokuwa linaufunika udhaifu wa mchungaji, sisi wengine hatukuhitajika. Udhaifu ule ulipobaki wazi, vijana watatu walipata kazi katika mwili, na kanisa likapata wahudumu wanne badala ya mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwenye zawadi alikuja mwezi wa kumi na mbili. Akaomba aendeshe. Gari lilimzimikia mara tatu mbele ya kaburi la mama yake, akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akampa mwalimu funguo.

Wapendwa, huenda kwenu pia kuna mtu mwenye mguu mbaya, macho yaliyofifia au sauti iliyokatika, nanyi mnatafuta fedha za kununua kifaa kitakachomwezesha asimhitaji mtu. Nunueni mkiweza, ni upendo. Lakini msingoje kifaa. Andikeni kwanza majina ya watakaomwendea, na siku zao. Majina ya kwetu yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kanisa, na siku ya Jumatano bado inatafuta mtu.

Mungu atujalie kuwa miguu ya wenzetu. Amina.