Kutoka Mlandege kwa Ford

Mlandege ya Unguja ina bahari jirani na timu ya mpira yenye jina. Hii yetu ya Iringa ina vumbi, mafundi, mchele wa Pawaga unaopimwa kwa debe, na baridi ya jioni inayokukumbusha sweta uliyoiacha nyumbani. Mtu anayekwenda Hifadhi ya Ruaha na kuupita mtaa huu mbio kwa sababu hauna sanamu wala bustani anajinyima. Kunywa chai hapa kwanza. Njia ya Kalenga na Idodi iko mlangoni.

Kisiwani watalii hukodi visuzuki, na vinawatosha. Mimi nilitaka gari la juu. Mzee mwenye gari aliitikia shikamoo yangu, akaliondolea turubai Ford Ranger la milango minne, rangi ya buluu iliyokolea.

“Hili la Kimarekani, mwanangu.”

Jina ni la Kimarekani, kweli, ila Ranger nyingi za Afrika huundwa Silverton, Pretoria, na usukani wake uko kulia. Sikubishana naye. Gari lililotoka Marekani kwenyewe, la usukani kushoto, lingekuwa adhabu: kila ukitaka kulipita lori, unamwomba abiria akuchungulilie. Tukalizunguka tukiandika mikwaruzo, tukakagua tairi la spea, jeki na spana. Mafuta juu yangu. Kisha mzee akanipa ushauri ambao mfanyabiashara mwingine angeumeza: “Toyota likikufia Idodi, kifaa kinapatikana. Hili utasubiri basi la kutoka Dar.” Nikalichukua hivyo hivyo.

Kalenga iko kama kilomita 15 tu kutoka mjini, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kutosimama. Makumbusho yenyewe ni madogo. Ndani ya kabati la kioo limewekwa fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe. Wahehe waliwapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, Wajerumani wakarudi na mizinga wakaibomoa ngome ya Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Kichwa kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe, lakini ilibidi kungoja hadi 1954, Gavana Twining alipokikabidhi hapo hapo Kalenga. Ukitoka nje, akinamama wanaopita na mizigo watakuambia “Kamwene”, nawe ujibu “Kamwene”.

Baada ya hapo nchi inashuka. Mji wa Iringa uko juu, mita 1,500 na zaidi. Kadiri unavyoelekea Idodi na Tungamalenga, joto linapanda, sweta inatupwa kiti cha nyuma, na mibuyu inaanza, minene, mingine imechubuliwa magome na tembo. Lami ikiisha barabara inakuwa ya matuta madogo madogo yanayotikisa hadi meno. Hapo uzito wa Ford nikaupenda.

Ni zaidi ya kilomita 100 mpaka lango la hifadhi. Kwenye daraja la Ibuguziwa, juu ya mto Ruaha Mkuu, viboko walikuwa wamejazana kwenye maji yaliyobaki, wakikoroma, na mamba wamelala ukingoni bila haraka yoyote.

Sasa lile la rangi ya gari. Mbung'o hupenda buluu na nyeusi. Hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ford letu lilikuwa mtego wa magurudumu manne. Walitufuata wakigonga vioo, na mmoja aliyeingia aliniuma juu ya soksi, maumivu kama ya sindano ya moto. Tukafunga vioo, tukawasha kiyoyozi, mafuta yakaenda. Ukikodi, dai jeupe.

Lakini urefu wa gari ulilipa. Ruaha ina tandala wakubwa na tandala wadogo pia, na nyasi zilikuwa bado ndefu. Kutoka kwenye kiti changu niliona kwanza pembe mbili zilizosokotwa, kisha masikio, kisha dume zima la tandala mkubwa likitafuna na kututazama. Gari dogo lililosimama nyuma yetu likapiga honi, likitaka kujua tumesimama kwa ajili ya nini.