Tafakari ya Juma: Honda Nyekundu ya Mjomba



Juma hili, tunapoikaribia tarehe 25 Julai, siku ambayo wasafiri wengi humkumbuka msimamizi wao Mtakatifu Kristofa, vijana wetu wa bodaboda walipanga pikipiki zao mbele ya kanisa wakiomba baraka. Nilivaa stola, nikapita na maji ya baraka kutoka pikipiki moja hadi nyingine. Nilipofika kwa kijana mmoja anayetokea kwetu Mgeta, nilisimama kidogo kuliko kawaida nikiitazama pikipiki yake. Akaniuliza, "Baba Paroko, nawe uliwahi kuendesha?" Nilicheka, nikamjibu kwamba niliwahi. Yaliyobaki sikumwambia. Nimeona niyaandike hapa, kwa sababu nadhani kijana yule alistahili kupata baraka pamoja na ukweli.

Wengi wenu mnaifahamu njia ya Mgeta. Unatoka mjini Morogoro kwa barabara ya Iringa, unaiacha Sangasanga, unapita Mlali, kisha milima inakupokea. Barabara inapanda ikijizungusha ubavuni mwa Uluguru. Upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine matuta ya ngazi yaliyojaa kabichi, karoti na njegere, na chini kabisa mto usiouona bali unausikia. Mboga hizo hushuka kila siku kwenda kulisha Morogoro na Dar es Salaam. Katika miaka ya 1990, nilipokuwa kijana, nyingi zilianza safari hiyo kichwani mwa mama zetu, hadi mahali lori lilipoweza kufika.

Mjomba wangu alikuwa katekista. Ninyi mlio Waluguru mnajua uzito wa neno mjomba. Kwetu mtoto huhesabiwa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno juu yake. Mjomba alikuwa amekabidhiwa Honda ndogo nyekundu, ubavuni imeandikwa CT110, ili afike vigango vya mbali. Haikuwa na klachi ya mkononi. Ulibadilisha gia kwa kisigino na vidole tu. Chini ya injini palikuwa na kiwiko kidogo cha kuiongezea nguvu ya kupanda, na ukikigeuza, pikipiki ilikwea mlima polepole kama punda mwenye subira. Nyuma palifungwa sanduku la mbao lenye kitabu cha masomo, daftari la ubatizo na dumu dogo la petroli.

Wakati wa likizo za seminari ndogo, mjomba alinifundisha kuiendesha. Yeye alikaa nyuma, mimi mbele, gia ya kwanza, kutoka nyumbani hadi kigangoni na kurudi. Ndugu zangu, nikiri kwamba sijapata tena furaha inayofanana na ile. Ukungu wa asubuhi ukituvukia usoni, harufu ya petroli ikichanganyika na harufu ya udongo uliolowa, watoto wakikimbia nyuma yetu wakipiga kelele. Katika daraja la mti mjomba alikuwa akishuka, anatangulia kwa miguu, kisha ananipungia mkono nimfuate. Nilipewa heshima nisiyokuwa nimeitafuta, nami nikaanza kuiona kuwa ni yangu.

Palikuwa na jambo moja ambalo mjomba alinikataza kabisa. Petroli ilikuwa ghali na ilipatikana kwa shida, hivyo waendeshaji wengi walikuwa na desturi ya kuzima injini kwenye mteremko, wakaiweka pikipiki frii na kuiacha iserereke. Mjomba alisema injini ndiyo breki ya kwanza, na mwenye kuizima amejikata mkono mmoja. Nilimsikiliza, lakini nilikuwa nimekwisha kuonja mara moja kwa siri. Ile hali ya kushuka mlima bila sauti, upepo tu masikioni, ilinifanya nijione ndege.

Desemba 1996 mjomba aliugua malaria. Nilichukua ufunguo alipokuwa amelala. Nilijiambia kwamba nakwenda kumfuatia dawa zahanati, na ni kweli dawa nilizifuata. Lakini umbali ule nilikuwa nimezoea kuutembea kwa miguu. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Juu ya mteremko unaoelekea nyumbani nilizima injini.

Katika kona ya pili nilimkuta mama mmoja wa makamo anapanda, tenga la kabichi kichwani. Alikuwa amenipa mgongo, kwa kuwa amegeuka kuitazama njia ya mkato inayoingia barabarani pale. Nilikanyaga breki, gurudumu likateleza kwenye udongo. Usukani ulimpiga ubavuni, akaanguka hadi tuta la chini, na kabichi zikaviringika mmoja baada ya mwingine hadi bondeni. Mimi nilichubuka goti tu. Yeye alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto.

Watu walipokusanyika wakaniuliza imekuwaje, nilijibu haraka kuliko nilivyofikiri. "Nimepiga honi, hakusikia." Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, nimevaa fulana ya seminari, na walinisadiki. Hata yeye mwenyewe, akiwa ameketi kwenye tuta ameushika mkono wake, alinisadiki. Alipakiwa kwenye lori la mboga akapelekwa hospitali.

Mjomba alifika akitetemeka kwa homa, blanketi mabegani. Mbele ya watu hakuniuliza neno. Alisema ufunguo ulikuwa wake, na aliyeuacha wazi ni yeye. Juma lile lile alikwenda parokiani akairudisha Honda kwa hiari yake mwenyewe. Walipomsihi abaki nayo, alijibu kwamba chombo kile kilitolewa ili kuwafikia watu, na kikishawaangusha watu, aliyekabidhiwa ndiye anayejibu. Kisha alichukua jembe, akanipa na mimi jembe, tukaenda kulima matuta ya yule mama, kwa kuwa msimu wa kupanda ulikuwa haumngoji apone. Siku ya tatu, tukiwa wawili tu shambani, alisema bila kuinua kichwa, "Nilikuwa nimelala, lakini sikusikia honi. Wala sikusikia pikipiki." Hakuongeza neno. Mimi pia sikujibu. Januari nilirudi shuleni, naye akaendelea kulima peke yake hadi mavuno.

Mjomba alivitembelea vigango vyake kwa miguu miaka kumi na miwili iliyofuata. Alifariki mwaka 2008 nikiwa seminari kuu. Niliungama dhambi ile mapema, na Mungu alinisamehe. Juu ya hilo sina shaka. Lakini Kanisa hutufundisha kwamba mwenye kutubu ana mambo matatu ya kufanya: majuto, maungamo na malipizi. Mimi nilishika mawili, la tatu nikamwachia mjomba. Niliona jembe lake limetosha kwa wote wawili.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, nilikwenda nyumbani nikaadhimisha Misa kigangoni. Kwa ajili ya tahadhari tulikuwa tukikomunisha mkononi. Katika mstari akaja yule mama, sasa bibi kizee, akaweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia kama alivyoelekezwa. Kifundo kilikuwa kimeunga vibaya, mkono umepinda kwa nje, hata kiganja hakikuweza kulala sawasawa. Nilisema, "Mwili wa Kristo." Akasema, "Amina." Ilinibidi niishike hostia muda kidogo mpaka kiganja kile kitulie.

Baada ya Misa nilimfuata nyumbani kwake. Nilimwambia kwamba siku ile sikupiga honi, na kwamba injini ilikuwa imezimwa. Nilitarajia atazungumzia mkono. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Padre, tangu siku ile nilijua masikio yangu yamekufa. Sikutembea tena barabarani peke yangu. Mpaka mjukuu aongozane nami." Akayagusa masikio yake. "Kumbe yalikuwa mazima."

Wapendwa, nilidhani nimevunja mkono mmoja. Kwa miaka ishirini na minne sikujua kwamba neno langu moja lilikuwa limemfungia mtu njia. Ajali ilikuwa ya dakika moja, na mkono hospitali waliufunga. Uongo haukufungwa na mtu, uliendelea kuumiza kimyakimya, kama ile pikipiki iliyoshuka bila sauti. Ndiyo maana Zakayo, alipomkaribisha Bwana nyumbani mwake, hakuishia kufurahi. Alisimama akataja watu aliowadhulumu na kiasi atakachowarudishia. Ukiona dhambi ya zamani umeiungama lakini bado hutaki kupita karibu na nyumba ya mtu fulani, huenda kuna deni hujalipa. Nenda ukabishe hodi wakati mwenye nyumba angali hai. Mimi kwa mjomba nilichelewa, na sasa namwombea katika kila Misa.

Vijana wangu wa bodaboda, msidhani nachukia pikipiki. Ninyi ndio mnaowafikisha akina mama wajawazito hospitali usiku wa manane, kama yule Msamaria aliyempandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblate wa Maria Imakulata, alianzisha mwaka 1927 chama cha MIVA cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri, baada ya rafiki yake mmisionari kufariki huku Afrika kwa kukosa usafiri wa kumfikisha kwenye matibabu kwa wakati. Hadi leo, tawi la chama hicho nchini Austria huwaomba madereva, kila Julai siku za Mtakatifu Kristofa, watoe sehemu ya kumi ya senti kwa kila kilometa waliyosafiri bila ajali. Napenda hesabu hiyo. Sisi huhesabu ajali. Wao wamejifunza kuhesabu na kushukuru kwa kilometa ambazo hakuna aliyeumia.

Basi nawaomba mambo matatu. Msizime injini mteremkoni. Abiria naye avae kofia ngumu. Na kila jioni, kabla ya kuiegesha pikipiki, mshukuru kwa kilometa za siku hiyo, kisha mjiulize kama kuna mtu barabarani anayewadai ukweli.

Yule kijana wa Mgeta akisoma hapa, aje parokiani tuzungumze. Atanipa lifti hadi kwa bibi yule. Bado yu hai, na siku hizi huenda sokoni peke yake.

Nawatakia Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki na awalinde safarini, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko