Neno Magadi

Ndani ya mlango wa kabati la Mama, nyumbani Ilomba, kuna kipande cha gazeti kilichobandikwa kwa selotepu. Kichwa cha habari kinasema: "Nywele ndefu bila shampuu: njia tano za asili." Chini ya kichwa hicho kuna jina langu. Mama alikikata mwenyewe kwa mkasi wake wa kushonea. Habari zangu nyingine huwa anazikunja na kuziweka kwenye boksi la viatu, hata zile za bei ya mbolea na za malori kukwama Tunduma. Hii peke yake ndiyo aliyoibandika. "Hii hata mimi naielewa," aliniambia.

Mdogo wangu aliisoma hapo mlangoni kila Jumamosi kwa wiki sita, bakuli mkononi. Ndivyo nywele zake zilivyokatika.

Mdogo wangu alinyolewa kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha sita. Miaka 13. Wasichana wengi tuliosoma shule za serikali tunaijua hiyo: Jumapili jioni unakaa kwenye stuli nje, Jumatatu mwalimu anapita mstarini akikagua vichwa. Alipomaliza akaenda JKT, huko nako kipara. Aliporudi akaniambia, "Dada, sasa hizi ni zangu." Akaanza kuzikuza. Hakutia dawa. Alisuka twende kilioni, akafumua, akapaka mafuta ya nazi, akasuka tena. Baada ya miaka mitatu, ukizivuta zilikuwa zinapita mabega. Mpango wake ulikuwa kuvaa joho la mahafali bila wigi wala rasta, apigwe picha na nywele zake mwenyewe.

Sasa ile habari. Niliiandika usiku mmoja wa Juni, mwezi ambao Mbeya usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10 na vidole vinagoma kuchapa. Ukurasa wa familia ulikuwa na nafasi tupu. Mhariri akanipigia: maneno 400, kitu chepesi, kabla ya saa nne. Nikaingia intaneti. Nikakuta kurasa za Kiingereza za watu wa Marekani na Uingereza walioacha shampuu na kuosha nywele kwa vitu vya jikoni. Maelekezo yao yanafanana: kijiko cha beking soda kwenye kikombe cha maji, sugua, suuza, malizia na siki. Nikaanza kutafsiri. Nilipofika kwenye beking soda nikasita kidogo. Nilitaka neno la Kiswahili, si jina la kwenye kopo. Nikaandika "magadi". Nikajisifu hata: neno fupi, la kwetu, linalojulikana na kila mama.

Hapo hasa ndipo nilipoharibu. Linajulikana na kila mama.

Ukimtuma mtoto wa Ilomba akakuletee magadi, hatarudi na unga mweupe wa kuumulia keki. Atarudi na mabonge ya kijivu yaliyofungwa kwenye kipande cha karatasi, yale ya kulainishia maharage makavu na kande. Ni chumvi ya jamii ile inayopatikana Ziwa Natron kwetu na Ziwa Magadi kule Kenya. Ni ndugu wa beking soda, lakini ndugu mkali. Kuna kipimo kinaitwa pH, kwa kawaida kinaanzia 0 hadi 14. Maji safi ni 7. Chini ya hapo ni uchachu kama wa ndimu, juu ya hapo ni ukali kama wa maji ya majivu. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Beking soda ikiyeyuka inafika 8 na kidogo. Maji ya magadi yanakaribia 10. Na kwenye kipimo hicho kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Kwa hiyo kati ya nilichosoma na nilichoandika, tofauti ni makumi ya mara.

Mimi siku hizi nakaa Uyole, nyumbani naenda Jumapili. Jumapili moja ya Agosti nikamkuta mdogo wangu amejifunga kilemba, ndani ya nyumba, mchana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kilemba cha nini?"

Akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu kutoka jikoni: "Mwonyeshe dada yako."

Akafungua. Pembeni mwa uso na utosini zilikuwa zimebaki vishina tu, urefu wa punje ya mchele. Za nyuma zilikuwepo, lakini zimekakamaa kama katani. Ukizigusa, zinabaki mkononi.

"Nilifuata vile ulivyoandika," alisema. Hakusema kwa kunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Nilikuwa nasikia kichwa kinawasha, nikajua ndo zinasafishika."

"Siki uliweka?"

"Niliweka, dada. Kila mara."

Nakiri hapa: nilikuwa natafuta kosa lake. Mwandishi akikamatwa, kitu cha kwanza anachotafuta ni kosa la msomaji. Nilimuuliza vijiko vilikuwa vingapi, maji yalikuwa ya moto kiasi gani, alikaa nayo dakika ngapi. Alinijibu yote sawasawa na gazeti. Hakukosea hata mstari mmoja.

Baadaye ndiyo nilisoma vizuri, kama nilivyotakiwa kusoma ule usiku wa Juni. Unywele umefunikwa na magamba madogo yanayolaliana kama vigae vya paa. Kitu chenye ukali wa magadi kinayainua yale magamba, unywele unafura, nywele zinakwaruzana na kufungana mafundo. Ukipitisha kitana, zinakatika. Siki inayalaza magamba, ni kweli, lakini hairudishi kilichokwisha kuliwa. Tena kuna jambo jingine. Nywele zetu zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya ngozi yanashuka kwa shida kutoka kwenye shina hadi nchani. Ni kavu tangu mwanzo. Wengi wa wale wa kurasa za Kiingereza nywele zao zimenyooka na zinajaa mafuta baada ya siku mbili. Hata ningetafsiri sawasawa, bado nilikuwa nampa mdogo wangu dawa ya ugonjwa asio nao.

Tulienda kwa msusi pale mtaani. Akazipima kwa vidole, akatikisa kichwa, akachukua mashine. Mdogo wangu alikaa kimya mpaka lilipoanguka fungu la mwisho. "Nimerudi darasa la kwanza," akasema, akacheka peke yake.

Jumatatu nikamwomba mhariri tutoe masahihisho. Akaniambia masahihisho ni ya majina ya wakubwa na tarakimu za fedha. "Nywele zitaota," alisema. Nilipaswa kubishana. Nikanyamaza. Nilichofanya badala yake ni kazi niliyotakiwa kuifanya mwanzo: kujaribu kila kitu kichwani kwangu kwanza. Nywele zangu nikizinyoosha zinafika katikati ya mgongo, na sijatia dawa tangu nikiwa chuo. Nami nilikuwa na cha kupoteza.

Nilianza na yai. Nikalikoroga, nikapaka, nikasuuza kwa maji ya moto, maana nani anaosha nywele kwa maji baridi Mbeya? Likapikika. Mama alinitoa vipande vya yai kichwani kwa nusu saa, akiniambia ningeongeza na kitunguu tukanywea chai.

Parachichi zipo, kwetu na kule Rungwe ndiko kwenyewe. Linalainisha, lakini halisafishi. Na usipolichuja utatembea na vipande siku tatu. Limau nililiogopa baada ya kusoma kwamba uchachu wake uko kwenye 2 na kidogo. Nililizimua kwenye maji mengi, na bado nywele zilikauka. Maji ya mchele yaliyolala siku mbili yalininukisha kama chungu cha togwa. Alovera ilinifaa, ila ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda unawasha. Kata jani, liinamishe mpaka utomvu ushuke wote, osha, ndipo ukwangue ute mweupe. Ute wa bamia ulinifungulia mafundo kuliko losheni yoyote niliyowahi kununua. Unga wa dengu, ukiukoroga kama uji mwepesi, unashika vumbi na mafuta bila kukwangua, lakini unasuuza mara nne, la sivyo unaonekana umetoka kusaga mashineni. Siki ninaitumia, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita nzima ya maji.

Kilichonisafisha vizuri kuliko vyote kilitoka mbali. Rafiki yangu wa Unguja aliniletea unga wa majani ya mkunazi. Ukiukoroga unatoa povu, kwa sababu majani hayo yana saponini, ambazo huleta povu kama sabuni. Watu wa pwani na wa Oman wanaoshea nywele kwa majani hayo tangu zamani. Nilipokwisha kupaka kichwa kizima ndipo akaniambia kwamba hayohayo hutiwa pia kwenye maji ya kuoshea maiti. "Utakuwa msafi dunia zote mbili," akasema.

Nikamuuliza Mama: Bibi kule Tukuyu alikuwa anaosha nywele kwa nini? Nilitegemea jani fulani la ajabu, kitu cha kuandikia makala.

"Sabuni ya mche," Mama akasema.

"Basi?"

"Basi. Na nywele zake zilikuwa fupi, nusu kidole. Nani alikuwa na muda wa nywele ndefu, mwanangu, na chai inasubiri kuchumwa?"

Nimelifikiria sana jibu hilo. Mimi na wenzangu wa kurasa za urembo tunaliandika neno "asili" kana kwamba nyuma yetu kuna bibi anayejua kila jani. Bibi yangu alikuwa na sabuni ya mche na shamba. Na magadi yenyewe, je? Yanatoka ziwani, hayajaona kiwanda. Ni ya asili kabisa. Yalikula nywele za mdogo wangu kwa asili yake hiyohiyo.

Hata neno shampuu limesafiri kabla ya kufika kwetu. Lilitoka India, ambako maana yake ilikuwa kukanda. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua nyumba ya kuogea mvuke na kukandwa huko Brighton, Uingereza, mwaka 1814, na neno hilo likaenea kwa Waingereza kupitia kwake. Baadaye likahamia kwenye kuosha nywele. Shampuu isiyo sabuni, ya aina tunayonunua leo, ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930. Maneno ndivyo yalivyo, yanapofika ng'ambo yanakuwa yamebeba mzigo mwingine. Mfasiri kazi yake ni kufungua mzigo aangalie ndani. Mimi niliusoma jina la nje tu.

Wapo mnaokumbuka Ifemelu katika riwaya ya Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, iliyotoka mwaka 2013. Anatia dawa nywele zake kwa ajili ya usaili wa kazi, inamuunguza kichwa, nywele zinaanza kukatika, na rafiki yake Wambui anamshauri azikate. Niliposoma sehemu hiyo miaka ile, nilijiona niko salama. Adui alikuwa kwenye kopo la dawa, na mimi kopo sinunui. Sikudhani kwamba siku moja nami nitamuunguza mtu, tena kwa kijiko cha jikoni.

Kwa kuwa gazeti halikutoa masahihisho, nayatoa hapa. Niliandika "magadi" mahali pa beking soda. Magadi ya maharage hayaoshi nywele, yanazila. Na beking soda yenyewe sikushauri, hasa kwa nywele zetu. Ukiwa na unga wa dengu au majani ya mkunazi, jaribu kwenye kishungi kimoja cha nyuma, subiri wiki moja, uangalie. Ukiwa na shampuu ya dukani inayokufaa, izimue kwa maji kidogo uendelee nayo. Hakuna atakayekunyang'anya utu wako. Kichwa kikiwasha, suuza. Kuwasha siyo kusafishika.

Mahafali yalikuwa Novemba. Mdogo wangu alivaa joho na kofia yake juu ya nywele fupi, na hereni kubwa za shaba. Picha ipo sebuleni. Watu wanasema kapendeza, na ni kweli, lakini mimi nikiitazama naona zile ambazo hazipo.

Kipande cha gazeti bado kiko mlangoni mwa kabati. Nilimwomba Mama akitoe, akakataa. "Kina jina lako." Basi nikachukua kalamu, nikalikata neno magadi kwa mistari miwili, nikaandika pembeni: *sio haya*. Mdogo wangu alikuwa kasimama nyuma yangu. Hakusema neno.

Ila siku hizi nikimkorogea chochote, dengu au alovera, hata chai, analiangalia bakuli kwanza, kisha ananiangalia mimi.

"Dada. Hii umejaribu?"