Kifaru cha Babu

Msomaji mpenzi, siku tutakapokutana uwanjani na ulione kovu lililo kwenye kidole gumba changu cha kushoto, usidhani nilijikata nikipasua kuni. Kovu hilo ni la kifaru. Naam, kifaru cha vita chenye mzinga na minyororo, wala si yule mnyama wa mbuga ya Tsavo. Usinicheke bado. Keti nikusimulie.

Ilikuwa likizo ya Desemba, nami nilikuwa kwa Babu na Nyanya kule Mwala, Ukambani. Mjomba wangu ni baharia, na kila meli yake inapotia nanga Mombasa huwa hakosi kutukumbuka. Mwaka huo aliniletea sanduku la kadibodi lililochorwa kifaru kikitimua vumbi. Nililipokea kwa mikono miwili huku moyo ukinidunda kwa furaha. Nilipolifungua, lo! Hamkuwa na kifaru. Mlikuwa na fremu za plastiki ya kijani zenye vipande vidogo vidogo vilivyoning'inia kama maembe mabichi tawini, mikanda miwili ya plastiki laini, na karatasi ya maelezo iliyojaa michoro na maandishi ya Kijapani na Kiingereza.

"Ni wewe utakiunda," Mjomba akasema. "Unakata vipande, unavigundisha, unapaka rangi. Basi."

"Na gundi iko wapi, Mjomba?"

"Ala! Gundi na rangi huuzwa kando." Akacheka, akanywa chai yake, akapanda matatu akaenda zake.

Kifaru chenyewe kilikuwa aina ya Sherman, cha Marekani, kilichopunguzwa mara 35 hadi kikawa na urefu wa sentimita 17 hivi. Baadaye nilisoma kwamba kipimo hicho cha 1 kwa 35 hakikutokana na hesabu yoyote ya maana. Mapema miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza mfano wa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, na ukubwa wake ukaamuliwa na mota na betri zilizotakiwa kutoshea ndani. Kampuni nyingine zikafuata. Enyewe dunia ina mambo! Sherman za kweli nazo zilitengenezwa karibu 50,000 katika Vita vya Pili vya Dunia, na ziliingia vitani kwa mara ya kwanza El Alamein, nchini Misri, mwezi wa Oktoba 1942, zikiendeshwa na Waingereza.

Sasa nikwambie kuhusu Babu. Babu ni sajini mstaafu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya iliagiza vifaru vya Vickers Mk 3 kutoka Uingereza, na Babu alikuwa mmoja wa vijana waliofunzwa kuviendesha. Hayo ndiyo yote niliyoyajua, kwa sababu yeye ni mtu wa maneno ya kuhesabika. Ukimwuliza habari za jeshi hukujibu, "Kulikuwa na joto," kisha hugeukia redio yake. Tena siku hizi mikono yake hutetemeka. Ulianza mkono wa kulia, ukafuata wa kushoto. Nyanya humtilia chai nusu kikombe ili asiimwage, naye hujifanya haoni kwamba ni nusu. Hakuna mtu nyumbani anayelizungumzia jambo hilo.

Nilinunua supa gluu sokoni Masii na wembe mpya, nikatandaza gazeti juu ya meza ya sebuleni. Karatasi ilisema vipande vikatwe kwa koleo. Mimi huyo, kwa haraka zangu, nikavinyonyoa kwa vidole kama mtu anayevuna kahawa. Kila kipande kikaacha kidonda ubavuni. Babu alikuwa ameketi kitini pake, macho yakiwa redioni. Ghafla akasema bila kugeuka:

"Kata mara mbili."

"Ati nini, Babu?"

"Kata kwanza mbali. Kisha kata karibu. Kisha piga msasa. Wewe unavunja."

Nilifanya hivyo, na kweli vipande vikaanza kutoka safi, ingawa wembe uliteleza mara moja ukanipa kovu hilo nililokutajia. Nyanya alinifunga kitambaa huku akinung'unika kwamba mtoto wa kidato cha pili anajikata kwa ajili ya mchezo wa chekechea. Babu akasogeza kiti chake karibu na meza, kidogo tu, kama kwamba kiti kilijisogeza chenyewe.

Siku ya pili tukakosana. Sherman ina magurudumu sita kila upande, yamefungwa mawili mawili kwenye springi, na kuna gurudumu la meno linalouvuta mnyororo. Karatasi ilionyesha meno hayo mbele. Babu akaweka kidole chake kinachotetemeka juu ya mchoro.

"Hapana. Meno huwa nyuma."

"Lakini Babu, karatasi inasema mbele."

"Kijana, mimi nimebadilisha minyororo kabla mama yako hajazaliwa. Meno huwa nyuma, kwa injini."

Nilijikuta katika njia panda. Nimwamini nani, Mjapani au Babu? Nikachukua simu ya Nyanya nikatafuta picha. Kumbe wote wawili walikuwa na haki. Katika Vickers giaboksi iko nyuma pamoja na injini, kwa hivyo meno yako nyuma. Katika Sherman injini iko nyuma lakini giaboksi iko mbele miguuni pa dereva, na shafti hupita katikati, chini ya tareti, yaani kile kichwa kinachozunguka. Hiyo ni sababu mojawapo ya kifaru hicho kuwa kirefu kwenda juu kama matatu. Nilipomwonyesha Babu, aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Giaboksi miguuni," akasema. "Maskini. Lazima aliungua nyayo huyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema juu ya vifaru. Tangu hapo hakuiwasha redio tena asubuhi.

Sitakuficha makosa yangu, maana ni mengi kama nywele za paka. Supa gluu iliingia kwenye ekseli, magurudumu manne yakaganda, hayazunguki hadi leo. Ilitoa pia ukungu mweupe juu ya plastiki, na mara mbili ilinigundisha mimi mwenyewe mezani. Mikanda ya minyororo ilikuwa na vijiti viwili vya kuunganishia, ambavyo ilibidi viyeyushwe kwa ncha ya bisibisi yenye moto. Nilipasha bisibisi jikoni hadi ikawa nyekundu. Ah! Mnyororo ukakatika kama ugali. Nilikuwa karibu kulia. Babu akamwita Nyanya alete sindano na uzi mweusi, naye Nyanya, yule yule wa chekechea, akaushona mnyororo wa kifaru cha Marekani kwa mshono usioonekana. Akauweka chini ya lile bamba linalofunika gurudumu ili hata ukiutafuta usiuone.

Rangi nayo! Sikujua kwamba plastiki hutoka kiwandani na mafuta mafuta, na kwamba ni lazima ioshwe kwa maji ya sabuni kwanza. Nikachukua rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango, kijani na kahawia, nikazichanganya nikapaka. Kesho yake ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Ikanibidi nikwangue, nioshe, nianze upya. Mara ya pili ilishika, lakini kifaru kikawa kinang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu siku ya kufungua shule.

"Peleka nje," Babu akasema.

Tulikwenda nyuma ya nyumba. Akaniambia nichukue udongo mkavu, niuchekeche kwa leso, niuchanganye na maji kidogo. Hapo ndipo alipokuwa mwalimu kwelikweli. Mimi nilitaka kukitapakaza matope mwili mzima. Akasema la. Vumbi hukaa juu, matope hukaa chini. Matope hutupwa na mnyororo, kwa hivyo hurukia nyuma na ubavuni, hayapandi kwenye mzinga. Ila mahali pa kupandia, pale buti zinapokanyaga kila siku, rangi huisha chuma kikaonekana. Pembezoni mwa milango pia. Tulitumia penseli kuukuu kupaka hizo sehemu, na masizi ya sufuria kwenye bomba la moshi. Nakwambia, msomaji, mng'ao wote ulikufa, na kile kidude cha plastiki kikaanza kuonekana kizito. Kipande kilekile! Ningekipiga picha karibu na majani ungekimbia.

Basi kichwa kikavimba. Nikakumbuka filamu nilizoziona, vifaru vilivyopigwa vikiwa na matundu na moshi. Jioni moja Babu akiwa kwa jirani nikapasha msumari moto nikautia mbele ya kifaru, upande wa kushoto. Tundu likatokea safi, lenye kingo zilizoyeyuka. Nikalizungushia masizi. Nikaona nimefanya jambo la kifundi.

Babu alirudi. Nikamwonyesha taa ikiwa juu yake, nikisubiri sifa.

"Dereva hukaa wapi?" akauliza.

"Mbele, kushoto."

"Na tundu liko wapi?"

Sikujibu. Kimya kilitanda hata ungesikia sindano ikianguka. Babu aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda kusimama karibu na zizi la mbuzi gizani. Hakula chakula cha jioni. Nilimfuata Nyanya jikoni nikamwuliza kama kuna rafiki ya Babu aliyekufa ndani ya kifaru. Nyanya akatikisa kichwa. Hakuna, akasema. Hakuna kisa chochote. "Ila miaka yote ile, kila redio ilipotaja jeshi, nilikuwa nauliza moyoni kitu kimoja tu, dereva yuko wapi? Na wewe umetoboa hapo hapo."

Usiku huo usingizi ulinipaa. Nilikuwa nimekiunda kifaru wiki mbili nzima na sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba ndani ya Sherman huketi watu watano, na ndani ya kile cha Babu walikuwa wanne. Nilikuwa nikihesabu magurudumu.

Asubuhi nilitembea hadi Masii kwa fundi anayenyoosha mabodi ya magari, nikamwomba filla kidogo. Alinipa kwenye kifuniko cha chupa ya soda, hakunitoza. Nilijaza tundu, nikangoja likauke, nikapiga msasa, nikapaka rangi, nikapaka vumbi. Ukipitisha kidole bado unahisi kilima kidogo. Nilikiweka kifaru mezani mbele ya Babu nikasema, "Nisamehe, Babu." Alikitazama, akakigeuza polepole kwa mikono yote miwili, kikigongagonga meza kwa mtetemeko wake.

"Mlango wa dereva haufunguki," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeugundisha siku ya kwanza, kwa kuwa niliona kufungwa ni rahisi zaidi.

"Atatokaje?"

Nilichukua wembe. Supa gluu ni ngumu lakini ikikunjwa hupasuka, kwa hivyo nilibonyeza taratibu ukingoni hadi mlango ukaruka, tap! Tukamulika ndani kwa simu. Hamkuwa na kitu. Mlikuwa tupu, na kwenye sakafu mlikuwa na alama za kiwandani tu.

"Weka kiti," Babu akasema.

Kiti tulikikata kutoka kwenye sanduku la kiberiti, cha kukalia na cha kuegemea. Sherman haikuwa na usukani wa duara. Dereva alishika fimbo mbili, ya kulia ukitaka kwenda kulia, ya kushoto ukitaka kwenda kushoto. Nilichonga fimbo hizo kwa njiti za meno. Nilipotaka kuzitia, Babu akaunyosha mkono akazitaka yeye.

Nyanya aliacha kufagia. Mimi niliushika mkono wa Babu kwenye kifundo, si kwa nguvu, kama mtu anavyomshika kifaranga. Fimbo ya kwanza ilianguka sakafuni hatukuiona tena. Ya pili ilivunjika. Nikachonga nyingine. Jua lilihama kutoka dirishani hadi mlangoni. Hatimaye ya kulia ikaingia, kisha ya kushoto, na Babu akaurudisha mkono wake pajani, akaulalia kwa ule mwingine.

Kifaru kiko juu ya kabati, kando ya redio. Fimbo ya kushoto imeinama kidogo. Ukija kwetu usiinyoshe.