Dede na Kipimo

Kiswahili kimemjengea mtoto mchanga ngazi ya maneno. Mtoto hukaa, husota, hutambaa, husimama dede, kisha huenda tata mpaka miguu ikamtii. Katika maneno hayo yote, dede ndilo lenye siri. Halisemi kwamba mtoto amekwisha kusimama, wala halisemi kwamba hajaweza. Linataja kitambo kile kifupi ambapo ameuachia ukingo wa kitanda, anayumba, na waliopo wote wamenyamaza wakimtazama. Bibi wa Unguja akiulizwa mjukuu wake amefika wapi, hujibu kwa neno hilo moja, na muulizaji akafahamu umri wa mtoto, nguvu za miguu yake na matumaini ya waliomzaa.

Neno la namna hiyo ni kipimo. Na elimu ya makuzi ya mtoto, kama inavyosomwa vyuoni katika shahada za uzamili na uzamivu, kwa sehemu kubwa ni elimu ya vipimo: nani ameketi kwa wakati wake, nani amechelewa kutamka, na ni lipi lililomchelewesha. Mwanafunzi aingiaye katika elimu hiyo akidhani atasoma habari za watoto hutambua, kabla ya mwaka kwisha, kuwa amesoma zaidi habari za maswali: swali liulizwe vipi, kwa lugha gani, na jibu lake liaminiwe kwa kiasi gani.

Wasomaji wa visiwani wanao mfano wa kwao. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanywa Pemba kwa watoto 614 wa umri wa miezi 6 hadi 59. Watafiti walitaka kujua iwapo nyongeza ya madini ya chuma, pamoja na dawa ya minyoo, ingewasaidia watoto katika mwendo na usemi. Kipimo chao kilikuwa kuwauliza wazazi mtoto ameshaweza nini na bado nini. Baada ya miezi 12 ilidhihirika kuwa madini ya chuma yaliusaidia usemi wa watoto, na mwendo wa wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu. Matokeo hayo, yaliyosomwa na matabibu wa dunia nzima, yalijengwa juu ya kauli ya mzazi wa Kipemba.

Lakini kipimo kilichofaa Pemba hakihamishiki hivi hivi. Mwanafunzi huyo na aende akafanye utafiti wake Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hapo ndipo Tanzania inapopakana na Zambia, na malori hupanga foleni kuelekea Nakonde. Mtoto wa hapo huweza kusikia Kinyamwanga kwa bibi yake, Kinyiha kwa jirani, Kiswahili sokoni na Kibemba kwa wavukao kutoka upande wa pili. Akitakiwa kwa Kiswahili kutaja majina ya vitu kumi, naye akataja sita, karatasi itaandikwa sita. Pengine manne yaliyosalia anayo, ila anayo katika lugha ambayo karatasi haikuiachia nafasi.

Na dede je? Mama aliyelelewa kwa Kinyiha huenda hajapata kulisikia neno hilo maishani mwake. Hapo mtu wa pwani hana budi kukubali jambo asilolizoea: Kiswahili chake, ambacho kwake ni nyumba, mpakani huweza kuwa mgeni mwenye karatasi mkononi, sawa na Kiingereza.

Vyuoni hufundishwa njia ya kujikinga na hatari hiyo. Mfasiri mmoja huyatia maswali ya Kiingereza katika Kiswahili. Wa pili, asiyeyaona yale ya mwanzo, huyarudisha katika Kiingereza. Kisha matini mbili zikalinganishwa. Njia ni njema, lakini mpenzi wa ushairi anajua kinachoanguka safarini. Dede likirudishwa hurudi likiwa kusimama tu, na ule mtetemo wake umebaki njiani. Kwa mshairi hiyo ni hasara ya ladha. Kwa mtafiti ni hasara ya wiki nyingi za umri wa mtoto, na hukumu yake yote hugeuka.

Vitu navyo vina lugha. Mwaka 1979 Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, alichapisha ulinganisho wa watoto wa nchi hiyo na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, waliotangulia ni wa Uingereza. Kwa waya, waliotangulia ni wa Zambia, waliozoea kujiundia vigari vya waya. Kwa udongo wa kufinyanga, walilingana. Ustadi haukuwa kitu kimoja kinachokaa kichwani kikingoja kupimwa. Ulikuwa ndani ya mkono na chombo ulichokizoea. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya Wachewa wa mashariki mwa Zambia, Serpell alionyesha kuwa wazee wakiulizwa habari ya akili ya mtoto hutazama yupi afaaye kutumwa. Mswahili hahitaji kufasiriwa hilo. Mtoto anayetumwa sukari akarudi na sukari, chenji kamili na salamu za mwenye duka amefaulu mtihani ambao hauko katika daftari la mtafiti.

Wapo waliolitia somo hilo kazini. Kilifi, Amina Abubakar na wenziwe walitunga kipimo cha makuzi kwa watoto wa huko, na tathmini yake ikachapishwa mwaka 2008. Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe upakanao na Ileje, kipimo cha nchi hiyo kilitangazwa mwaka 2010 baada ya kujaribiwa kwa watoto zaidi ya 1,400. Kazi za namna hiyo huchukua miaka, ilhali mwanafunzi wa uzamili amepewa miezi. Na bado zimo barua za kibali cha utafiti na fomu za ridhaa. Tena fomu humtaka mama, na mama yuko mpakani na biashara yake tangu alfajiri. Ajuaye siku ambayo mtoto aliuachia ukuta ni dada mtu wa miaka kumi, ambaye fomu haikumtaja.

Songwe ni mkoa wa mahindi, maharage na kahawa ya Mbozi. Hata hivyo, uchunguzi wa lishe wa taifa wa mwaka 2018 uliwakuta zaidi ya watoto 4 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima, udumavu ulikuwa asilimia 34 katika uchunguzi wa 2015–16, na asilimia 30 mwaka 2022. Kimo hupimwa kwa ubao, na ubao hausemi Kinyiha wala Kiingereza. Lakini yale ambayo njaa iliyofichika huyafanya katika usemi na fikra za mtoto hayaonekani kwa ubao, na hapo ndipo kipimo kibovu kinapodhuru mara mbili. Mtoto mzima asiyeizoea kalamu huandikwa kuwa mzito. Na yule ambaye kwa hakika amerudi nyuma huchanganywa naye katika hesabu moja, mpaka asiweze kutambulikana, na msaada ukampita mlangoni. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, haikuweza kuwa na macho mengine isipokuwa yale ya wapimaji.

Tasnifu ikishakamilika huandikwa aghalabu kwa Kiingereza na kuwekwa rafuni. Mwanafunzi mwenye busara huambatisha mwishoni maneno aliyoyakuta majumbani: mtoto anayeanza kusimama huitwaje huku, na yule aanzaye kutumwa huitwaje kule. Washairi wa visiwani wamezoea kuyatunza maneno ya bibi zao kwa uzuri wake. Songwe yana haja ya kutunzwa kwa sababu nyingine pia, kwani bila ya hayo hapana awezaye kusema kama mtoto ndiye aliyechelewa, au swali ndilo lililochelewa kumfikia.