Nyumba ya Bibi, Mkiwa

Jumamosi, 10 Agosti 2024

Dalali amenipeleka leo kuona nyumba ya Bibi, upande wa barabara ya Itigi. Vyumba vitatu na sebule, tofali za kuchoma, bati la siku nyingi lakini halivuji, sakafu ya saruji. Kwenye ngazi ya mlango wa mbele marehemu mumewe aliandika mwaka kwa kidole saruji ikiwa bado mbichi: 1994. Miaka thelathini watu wamekanyaga hapo na bado unasomeka.

Bibi anataka milioni 13. Sisi tuna 11, ukijumlisha mkopo wa SACCOS na fedha ya alizeti ya mwaka huu. Mama watoto ameitazama ile sebule kwa jicho la mtu ambaye amechoka kupika juani njia panda. Hapa Mkiwa ndipo barabara ya Dodoma kwenda Singida inapoachana na ile ya Itigi, inayoendelea Rungwa, Makongolosi, Chunya hadi Mbeya. Abiria hawakosi, lori halikosi. Nyumba hii ikiwa yetu, mgahawa unahamia barazani na kodi ya chumba inakoma.

Jumapili, 18 Agosti

Tumekwenda baada ya ibada. Shikamoo Bibi, marahaba wanangu, akatupa uji wa uwele. Mazungumzo yalikuwa mazuri mpaka nilipoanza kueleza ninavyowaza kuupanga uwanja: mgahawa mbele, jiko la nje ubavuni, choo kipya kule kona ya nyuma penye mawe, mbali na kisima cha jirani. Bibi alinyamaza. Alikusanya vikombe, akaingia ndani, alipotoka akasema amefikiri tena, nyumba ni milioni 18.

Dalali njia nzima anasema Bibi amesikia habari za lami. Huenda. Kipande cha Noranga, Itigi hadi Mkiwa ni kilomita 56.9 na kila mtu hapa anajua maana yake: pakishawekwa lami, kona hii itakuwa mji. Bibi ana haki kabisa ya kulipigia hesabu jambo hilo. Lakini hakuitaja lami hata mara moja.

Jumanne, 3 Septemba

Dalali ana mpango. Anataka nimwambie Bibi kwamba barabara itapanuliwa, nyumba itawekewa X, hatapata hata senti, hivyo auze haraka. “Mtishe kidogo, Mwalimu, atashuka mwenyewe.” Nimemkatalia, tena kwa ukali. Bibi amewazika watu, amefiwa na mume, amelima mtama mpaka mgongo umepinda. Mimi nimnyang’anye usingizi kwa uongo ili niokoe milioni tano?

Isitoshe jambo lenyewe linapimika. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo maana ya zile X za rangi mbili: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hana fidia, na ya kijani kwa yule aliyekuwepo pale sheria mpya ilipomfuata, ambaye anastahili kulipwa. Jioni nimeazima futikamba ya fundi, mwanangu mkubwa akashika ncha yake katikati ya barabara magari yalipopungua, nikaenda nayo hadi ukutani. Mita 38 na kidogo. Nyumba iko salama. Kibanda cha mbele ambacho mjukuu wa Bibi alikuwa anauzia vocha kimeingia ndani kwa mita mbili, nacho ni cha juzi juzi tu.

Nikamwita Bibi mwenyewe aje aone. Nikamwonyesha 30 ilipoangukia, tukachomeka kijiti. Alikitazama muda mrefu. Akauliza, “Kwa hiyo hapa nyuma hawatafika?” Nikasema hawafiki, Bibi. Nimelitafakari swali hilo usiku huu. Mtu anayeuza haulizi kuhusu nyuma.

Jumamosi, 21 Septemba

Mtoto wake wa Dodoma amenipigia. Hakunisalimu. Anasikia kuna mwalimu anamzunguka mama yake. Nimemwacha aseme yote, kisha nikamwambia kitu kimoja: sinunui nyumba hii mpaka mirathi ya baba yenu ifunguliwe. Akakaa kimya.

Bibi ana miaka kumi na zaidi ya ujane, na karatasi zote zina jina la marehemu. Dalali anasema kijijini watu huuziana kwa karatasi ya daftari na mashahidi wawili, yanaisha. Hayaishi. Yanasubiri tu mzee afe au bei ipande, ndipo watoto wanaibuka na mnaanza kuonana kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, halafu la Kata, halafu mnalipa nauli za wilayani. Nataka kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, watoto wote watie sahihi, Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi, ndipo tuongee fedha.

Bibi aliposikia alikasirika. “Unaniona mwizi wa nyumba yangu mwenyewe?” Nimempa shikamoo yangu nikaondoka. Mama watoto ameona nimeharibu. Mimi naona nyumba ambayo Bibi ataiuza kwa shingo upande lakini mbele ya watoto wake wote ni bora kuliko ile anayokupa mtu mwenye haraka. Mwenye haraka ndiye ninayemwogopa.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimejua leo.

Mwana wa Dodoma amekuja na dada yake wa Puma kwa ajili ya kikao cha ukoo. Nimeitwa mwishoni, kama jirani. Walipotawanyika, yule dada akaniomba tuzunguke nyuma ya nyumba. Kaburi la baba yao nalijua, liko chini ya mwembe, limesakafiwa, lina msalaba wa chuma. Hilo tulishalizungumza tangu mwanzo, nililiona na nilikubali kulitunza. Akanipitisha hapo bila kusimama, akanipeleka kona ya nyuma penye mawe.

Singida ni nchi ya mawe, nani atahesabu mawe matatu? Yako sawasawa, moja kubwa na mawili madogo, yamekaa kwenye mstari, kuelekea mashariki. Ni kaburi la mtoto wa Bibi, wa kiume, aliyekufa kabla hajatambaa, mwaka ule ule walipokuwa wanajenga. Hapakuwa na saruji ya ziada. Baba alisema wakipata watalisakafia, hawakupata, halafu ikawa ni jambo ambalo Bibi halitaji. Dada mwenyewe aliambiwa akiwa mtu mzima.

Na mimi hapo ndipo nilipotaka kuchimba choo.

Ile milioni 18 haikuwa bei. Bibi alikuwa ananikatalia kwa adabu, kwa namna ambayo mtu wa heshima anaweza kumkatalia mgeni aliyekunywa uji wake. Bei inapopanda ghafla mbele ya mzee, ni afadhali kujiuliza umesema nini dakika moja kabla kuliko kuuliza jirani ameuza kwa kiasi gani.

Sikungoja. Nimeingia ndani, nimekaa chini kwenye mkeka, nimemwambia: Bibi, ile kona siitaki. Iondoe kwenye nyumba. Tutapima kutoka kwenye mwembe mpaka yale mawe, ibaki yako na ya watoto wako, na njia ya kuingilia kutoka pembeni ili msipite barazani kwangu kama wageni. Hakujibu upesi. Akauliza choo nitakiweka wapi. Nikamwonyesha upande wa pili, karibu na uzio wa minyaa. Akasema, huko kuna mwamba, utatoa jasho. Halafu akasema milioni 13 aliyoitaja mwanzo ilikuwa ya uwanja mzima, na kwa kuwa nauacha upande ule, basi tuseme 12 na nusu.

Mimi ndiye niliyekuwa na haya ya kushusha. Yeye ndiye aliyeshusha.

Alhamisi, 28 Novemba

Jana tumepiga kura za vijiji. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyetaka kuita kikao cha halmashauri ya kijiji, na bila halmashauri hakuna mauziano: ardhi hii ni ya kijiji, iko chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, haiwezi kuhamia kwa mtu mwingine kwa makubaliano ya sebuleni tu. Sasa viongozi wapya wapo. Mahakama nayo imeshamteua dada wa Puma kuwa msimamizi. Kaka yake ndiye aliyependekeza jina lake, jambo lililonifurahisha zaidi ya nilivyotarajia.

Mvua ya kwanza imenyesha. Bibi ameomba akae hadi avune bustani ya mchicha iliyo nyuma. Akae.

Jumamosi, 14 Desemba

Tumetia sahihi ofisi ya kijiji. Mtendaji amesoma hati yote kwa sauti, mpaka kwa mpaka: mashariki barabara, ukiacha mita 30, kusini jirani, kaskazini uzio wa minyaa, magharibi kipande cha makaburi ambacho si sehemu ya mauzo, pamoja na njia ya upana wa mita mbili. Bibi alimrudisha nyuma asome tena hapo kwenye makaburi. Akasoma tena.

Amebonyeza dole gumba, msimamizi ametia sahihi, kaka mtu shahidi, na upande wetu tumeandika majina mawili, langu na la mama watoto. Ndivyo tutakavyoomba na hatimiliki ya kimila. Ada ya kijiji nimelipa na stakabadhi nimeidai palepale. Dalali amepata chake pia, ingawa ushauri wake sikuutumia.

Milioni 10 zimeingia leo kwenye akaunti ya mirathi, si mkononi. Mbili na nusu zilizobaki ni mwezi wa saba, tukishauza alizeti, na imeandikwa hivyo. Nakala nne: ya kwetu, ya msimamizi, ya kijiji, na ya kaka wa Dodoma, ambaye ameomba yake mwenyewe na nimempa. Mifuko mitatu ya saruji nimenunua kando, haimo kwenye hati. Bibi amesema anataka kaburi la mtoto lisakafiwe kabla hajahamia Puma, na fundi anakuja Jumatatu.